Mama alitibiwa vidonda vya tumbo mara tatu, kumbe ni moyo. Tabibu angejuaje?

Pole sana mkuu kwa yaliyompata mama. Umeuliza inakuwaje mama wa miaka 61, mwenye kisukari, anaenda zahanati mara tatu, anarudi na dawa za vidonda vya tumbo mara tatu, halafu hospitali ya mkoa inasema ni shambulio la moyo. Mimi ni tabibu, huu ni mwaka wangu wa 12 katika kituo cha afya wilayani. Nakujibu kwa niliyoyaona, likiwemo kosa langu.

Kwanza ni maneno yenyewe. Mgonjwa wetu akisema "chembe ya moyo inaniuma", anaonyesha pale chini ya kidari. Sisi tunaandika tumbo la juu, na mkono unaenda wenyewe kwenye omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo. Lakini sehemu ya chini ya moyo ikikosa damu, maumivu yanaweza kukaa palepale, na kichefuchefu na kubeua juu yake. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mzee mmoja mkulima akilalamika gesi. Nilimpa magnesiamu, akasema amepata nafuu, nikamruhusu. Kesho yake wanawe walikuja kunieleza kwamba amefariki usiku. Hakuna aliyempima, ila kwa ninayoyajua sasa naamini ulikuwa moyo. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa jasho, saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, kwenye baridi. Niliiona, sikuuliza. Nafuu baada ya dawa ya kiungulia haiuondoi moyo kwenye mashaka.

Kuna maswali matano ya madaktari wa Marburg, Ujerumani, yaliyochapishwa 2010 kwa ajili ya mgonjwa wa maumivu ya kifua anayekuja kwa daktari wa kawaida. Je, ni mwanaume wa miaka 55 na zaidi, au mwanamke wa 65 na zaidi? Ana ugonjwa wa mishipa ya damu unaojulikana? Maumivu yanazidi akifanya kazi? Ukibonyeza kifua, maumivu hayajitokezi? Mwenyewe anadhani ni moyo? Kila ndiyo ni alama 1, na zikifika 3 unaanza kuhofia. Nayaheshimu maswali haya, lakini tazama mama yako: umri ungemkosesha alama, na kisukari hakimo kabisa. Swali la tano nalo kwetu linayumba, maana mtu anaweza kusema "moyo" akimaanisha tumbo. Mimi humwambia mgonjwa aweke mkono panapouma. Akiweka ngumi au kiganja kizima katikati ya kifua, nasimama kwanza na kuufikiria moyo.

Umeandika kwamba wiki zile mama alikuwa akitoka sokoni anasimama njiani mara mbili kuvuta pumzi. Mkuu, hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa unasema. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu ya kifua yanaweza yasiwepo. Unabaki na kukosa pumzi, kuishiwa nguvu, kutapika, jasho la baridi. Anayeuliza tu "panauma wapi?" hatayapata hayo. Muulize inaanza akifanya nini, na inatulia akifanya nini.

Vipimo: mwenye dalili hizi ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike. Ikitoka safi na bado anaumwa, rudia baada ya dakika 15 hadi 30, kwa sababu ya kwanza inaweza kudanganya. Troponini, protini inayovuja kutoka msuli wa moyo ulioumia, nayo huchukua saa kadhaa kupanda kwenye damu. Aliyeanza kuumwa saa moja iliyopita anaweza kuonekana hana kitu. Sisi tulikaa miaka bila mashine ya ECG. Ilipokuja, tukawa tunapiga picha ya karatasi na kumtumia daktari bingwa kwa simu, na hilo limetusaidia kuliko semina nyingi.

Lakini zahanati isiyo na mashine haina sababu ya kusubiri. Ukishuku, mpe aspirini miligramu 300 aitafune, isipokuwa ana mzio nayo, anatoka damu, au maumivu ni kama ya kupasuka yanayokwenda mgongoni. Kabla ya kidonge cha kuweka chini ya ulimi (naitreti, kinachopanua mishipa ya damu), pima presha, na muulize faraghani kama ametumia dawa ya nguvu za kiume, kwani vikikutana presha huporomoka. Kisha ita gari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, na kila saa inayopita inaondoka na msuli wa moyo.

Kwa mama sasa: omba nakala ya ECG aliyopimwa kabla hajaruhusiwa, iwekwe pamoja na kadi yake ya kliniki ya kisukari. Akipata shida tena, atakayempokea atahitaji ya zamani ailinganishe na mpya.