Simu moja ya mwalimu inatosha

Je, ni lazima kila mwanafunzi awe na simu ndipo ufanye jaribio la papo hapo darasani? Hapana, si lazima. Kwenye Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni, ni kweli kila mmoja au kila kikundi kinahitaji kifaa chake, ila Plickers, programu inayosoma majibu kwenye kadi za karatasi kwa kamera, inakwenda na simu ya mwalimu peke yake. Nimeitumia sana na madarasa makubwa, ndiyo maana nasema.

Unapakua kadi bure kwenye tovuti yao na kuzichapisha. Kila kadi ina mchoro mweusi wenye umbo lake na namba yake, nayo namba ni ya mwanafunzi mmoja. Pande nne zina herufi A, B, C na D. Mtoto akichagua B, anaigeuza kadi mpaka B iwe juu, anainyanyua, nawe unapitisha kamera darasa zima. Majibu yanaingia kwa majina. Herufi ni ndogo mno na michoro haifanani, kwa hiyo kumchungulia jirani hakumsaidii mtu. (Siku ya kwanza watajaribu tu!)

Seti ya kawaida ina kadi 40, ile kubwa 63. Ukizidi hapo, gawa darasa. Kadi usizifunike kwa plastiki inayong'aa, mwanga ukizipiga kamera haisomi. Maswali ni ya kuchagua tu au kweli/si kweli. Insha utasahihisha kwa kalamu kama kawaida. Na simu yako iwe na intaneti.