Shilingi 1,800 za kantini

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama somo la Kompyuta liwe la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari, kama mtaala mpya ulivyolifanya somo la Biashara. Nina duka la vifaa vya ujenzi, na vijana wengi waliomaliza kidato cha nne wamepita kwenye kaunta yangu. Jibu lililonijia haraka ni hapana: mtoto ajue kwanza kutunza daftari. Kijana anajumlisha mauzo kwenye Excel, mstari wa mwisho umebaki nje, ukimuuliza anasema mashine ndiyo imetoa jibu hilo.

Nasema hivi kwa sababu ya usiku mmoja wa mwaka 2004. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni mkoani Iringa, mchepuo wa biashara. Mwalimu alitukabidhi vitabu vya kantini ya shule: maandazi, kalamu, sukari ya kupima, miche ya sabuni. Mwisho wa mwezi tukaandaa urari, yaani orodha ya masalio yote ya vitabu, ambayo jumla ya upande wa debiti na ya upande wa krediti lazima zilingane. Upande wa debiti ukapungua shilingi 1,800. Tukajumlisha upya kutoka chini kwenda juu. Zilezile 1,800. Umeme ukakatika, tukawasha chemli. Mwenzangu akashauri tuziandike kama maandazi yaliyoharibika, tukalale. Mwalimu akaingia, hata hakukaa, akauliza tofauti ni ngapi. "Gawanyeni kwa tisa." Mia mbili, bila baki. "Basi huenda kuna tarakimu zimebadilishana nafasi. Tafuteni." Akatoka.

Tukapitia stakabadhi moja moja, nyingine zimelowa mafuta ya maandazi. Tukaifikia ya sabuni. Kwenye daftari la fedha taslimu ni 5,300. Kwenye leja ya manunuzi, ambako kiasi hichohicho hunakiliwa upande wa debiti, kwa mwandiko wangu mimi, 3,500. Niliona aibu, kisha furaha ikaninyima usingizi. Hadi leo, hesabu za duka zikigoma, kwanza nagawa kwa tisa.

Kompyuta shuleni ilikuwepo, moja, ofisini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hatukuigusa.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini Desemba iliyopita binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alikuja likizo, nami nikamfundisha kanuni hiyo. Akauliza, "Shangazi, kwa nini tisa?" Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo naitumia tu kama dawa niliyopewa. Akawasha kompyuta ya duka, akapanga jedwali, kila namba ya tarakimu mbili na geuzo lake, akatoa. Zikajaa 9, 18, 27, 36. Akaziangalia kitambo. "Hiyo 53 yenu ikiwa 35, tano imeshuka kutoka makumi, imepoteza tisa mara tano. Tatu imepanda, imeongeza tisa mara tatu. Zimepotea tisa mbili, shangazi."

Kwa hiyo nabadili jibu: liwe la lazima, ila lifundishwe bega kwa bega na Biashara, juu ya hesabu za kitu kinachouzwa kweli, na kompyuta zitoke ofisini. Shule isiyo na umeme wala mwalimu wa somo isilazimishwe kukaririsha kompyuta ubaoni. Huko leja itangulie. Na kijana mpya akija dukani kwangu, wiki ya kwanza bado nitampa daftari na kalamu.