Maswali na majibu: Kusoma ripoti za Waingereza kuhusu masheikh wa Ghuba wakati wa vita

Mara hii tunajibu maswali kuhusu ripoti za maofisa wa kisiasa wa Kiingereza katika Ghuba, hasa za kati ya 1937 na 1948. Ni miaka ambayo Bahrain ilivutana na Qatar, Dubai ikapigana na Sharjah, kisha Dubai hiyo hiyo ikaingia vitani na Abu Dhabi, na katikati ya hayo ikaja Vita Kuu ya Pili. Sehemu kubwa ya karatasi hizo inasomwa bure kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa 2014 kwa ushirikiano na British Library ya London.

Nani alikuwa akimwandikia nani? Vyeo vinanichanganya.

Anza chini upande juu. Sharjah kulikuwa na wakala mwenyeji, Mwislamu wa huko huko Ghuba na si Mwingereza. Ofisi yake ilianza miaka ya 1820. Yeye ndiye aliyekaa na masheikh, yaani watawala wa miji ya pwani, akanywa kahawa yao na kusikia fununu za sokoni. Taarifa zake zilikwenda kwa Wakala wa Kisiasa aliyekuwa Bahrain. Kutoka hapo zilipanda kwa Mwakilishi Mkazi, bwana mkubwa wa Ghuba nzima, aliyekaa Bushire upande wa Uajemi. Yeye aliripoti kwa Serikali ya India kule Delhi na kwa ofisi ya mambo ya India kule London. Mwaka 1946 makao yake yakahamishiwa Bahrain.

Kwa hiyo ukisoma sentensi ya Mwakilishi Mkazi inayosema sheikh fulani "ana wasiwasi", jua maneno hayo huenda yamepita vinywa vitatu kabla hayajamfikia. Tafuta karatasi ya chini yake. Mara nyingi imo katika faili hilo hilo, kurasa chache nyuma, na mara nyingi ina maneno makali zaidi au mapole zaidi kuliko yale yaliyofika London.

Watu wa Ghuba walimwita ofisa wa Kiingereza wa namna hii "balyoz". Ndilo neno letu "balozi".

Nimefungua faili moja nikakuta karatasi za kila namna. Nisome ipi kwanza?

Watu wengi huanza na barua ndefu zilizopigwa chapa vizuri, na hapo ndipo wanapopotea. Anza nyuma. Katika mafaili mengi ya Bushire na Bahrain, kurasa za mwisho zina maelezo ya ofisini: mistari mifupi, mara nyingi ya mkono, ambamo karani anaeleza barua gani imeingia, naye ofisa anaandika pembeni afanye nini nayo. Ukisoma maelezo hayo kwanza, unapata mfululizo wa mambo kabla ya kuingia kwenye barua zenyewe.

Kisha tenganisha aina za karatasi. Telegramu huonyesha juu kabisa kama ilitumwa kwa msimbo au kwa maandishi ya wazi, imeelekezwa kwa nani na nakala imerudiwa kwa nani. Usiruke mstari huo wa nakala. Ugomvi wa masheikh wawili ukianza kunakiliwa London, jua umeshavuka kuwa jambo la mitaa. Aina ya pili ni barua ya haraka. Hii ilipelekwa kwa posta, na juu yake pamechapwa onyo kwamba imetumwa hivyo ili kuokoa gharama za telegramu, lakini aliyeipokea aishughulikie kwa haraka ile ile ya telegramu. Wasomaji wengi huiona tarehe yake wakadhani mpokeaji alijua habari siku hiyo hiyo. Hapana. Tafuta muhuri au mwandiko wa siku ya kupokelewa, kisha uhesabu siku zilizopita katikati. Maamuzi kadhaa yanayoonekana ya kijinga yanaeleweka ukishajua kwamba aliyeamua alikuwa hajapata barua.

Ya tatu ni barua ya nusu rasmi, inayoanza kwa kumwita mwenzake kwa jina na kumalizika kwa sahihi bila cheo. Humo ofisa husema anachofikiri hasa. Ukiwa na muda wa kusoma karatasi kumi tu, chagua hizo.

Mwisho kuna mihtasari ya habari ya Bahrain, iliyotolewa kila nusu mwezi: tarehe 1 hadi 15, kisha 16 hadi mwisho wa mwezi. Inafaa kwa kupanga tarehe na kujua nani alimtembelea nani. Kwa kujua sababu haitoshi, maana kila jambo limepewa mistari mitatu au minne.

Barua za masheikh tunazisoma kwa Kiingereza tu. Tuziamini?

Ziamini nusu, kisha tafuta ya Kiarabu. Mara nyingi barua asili imewekwa karibu na tafsiri yake. Tafsiri huanza kwa herufi A.C. na kumalizika kwa U.E. Ya kwanza inasimama badala ya salamu zote za mwanzo, ya pili badala ya maneno ya kawaida ya kufungia. Mfasiri aliyaona mapambo tu. Anayejua barua za Kiswahili za zamani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu anaelewa hasara yake: ndani ya salamu ndimo mtu anapoonyesha kama anakuandikia kama ndugu, kama mkubwa au kama mtu aliyeudhika. Salamu ikifupishwa ghafla kati ya barua mbili za mtu yule yule, hiyo nayo ni habari, na katika tafsiri haipo.

Angalia pia tarehe ya Hijria. Kwa hesabu ya haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1363 unakupa 1944. Lakini mwaka huo wa 1363 ulianza mwishoni mwa Desemba 1943, kwa hiyo barua ya Muharram inaweza kuangukia mwaka mwingine kabisa wa Kizungu. Makarani walikosea hapo, nasi tunakosea.

Mfano mzuri wa uzito wa neno ni mapatano ya Juni 1944 kati ya Sheikh Salman bin Hamad wa Bahrain na Sheikh Abdullah bin Jassim wa Qatar, yaliyosimamiwa na Wakala wa Kisiasa wa Bahrain. Ni sentensi chache tu. Urafiki urudi kama ulivyokuwa zamani. Mtawala wa Qatar anaahidi kwamba Zubara, mji wa pwani ya Qatar uliodaiwa na Bahrain, itabaki bila kufanywa humo jambo ambalo halikuwapo zamani, kwa heshima ya Aal Khalifa, ukoo wa watawala wa Bahrain. Mtawala wa Bahrain anaahidi kutofanya lolote la kudhuru maslahi ya Qatar. Haki za kampuni ya mafuta zisiguswe.

Sasa jiulize: zamani ipi? Qatar iliwapiga watu wa kabila la Naim, waliokuwa upande wa Bahrain, hapo Zubara Julai 1937, kisha 1938 ikajenga ngome ambayo ipo mpaka leo. Kama zamani ni kabla ya 1937, ngome hiyo ni jambo jipya. Kama ni siku ya kutia sahihi, ngome ni sehemu ya zamani. Kila upande ulitia sahihi ukiwa na zamani yake kichwani. Ofisa aliripoti mapatano, naye hakusema uongo, lakini ugomvi haukuisha.

Kwa nini Waingereza waliingilia ugomvi mmoja wakauacha mwingine?

Kwa sababu mkataba wa kudumu wa 1853, kati ya Waingereza na masheikh wa pwani hiyo, ulikataza vita baharini. Nchi kavu haikutajwa. Masheikh walilijua hilo vizuri. Mwaka 1945 watu wa Dubai walipopelekwa kwa njia ya bahari hadi Khor Ghanadha, katika mzozo wa mpaka na Abu Dhabi ya Sheikh Shakhbut, jambo lile likawa la Waingereza mara moja. Mapigano ya jangwani baina ya pande hizo hizo yaliendelea hadi 1948.

Kilichoongezeka ni ndege na mafuta. Sheikh Sultan bin Saqr wa Sharjah aliruhusu kiwanja cha ndege mwaka 1932, na wakati wa vita jeshi la anga la Uingereza lilikitumia. Dubai nayo, tangu 1937, ilipokea ndege za majini kwenye hori lake. Kwa hiyo Januari 1940, Dubai na Sharjah ziliporushiana risasi, pande zote mbili zilikuwa zimeshika kipande cha njia ya anga ya kwenda India. Chanzo kilikuwa cha ndani: Machi 1939 Sheikh Said bin Maktum, mtawala wa Dubai, alivunja kwa nguvu baraza la mageuzi la mji huo, na wapinzani wake wakapata hifadhi Sharjah. Ukisoma ripoti za miezi hiyo, pima aya. Hesabu ngapi zinazungumzia usalama wa kiwanja na ngapi madai ya waliofukuzwa. Hesabu hiyo itakuonyesha ofisa alikuwa na haja na nini.

Ni kweli ripoti moja ya ofisa inaweza kuamua kisiwa ni cha nani?

Karibu iwe hivyo. Aprili 1939 Hugh Weightman, Wakala wa Kisiasa wa Bahrain, aliandika maoni yake kwamba visiwa vya Hawar ni vya Bahrain. Tarehe 11 Julai mwaka huo watawala wote wawili wakaarifiwa kwamba Uingereza imeamua hivyo. Sheikh Abdullah wa Qatar alipinga kwa barua tangu Agosti. Vita vikaanza Septemba, na pingamizi lake likabaki kwenye mafaili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu Machi 16, 2001, ilishikilia uamuzi ule wa 1939: Hawar kwa Bahrain, kwa kura 12 dhidi ya 5. Zubara ilibaki Qatar.

Katika kesi hiyo hiyo, ya Qatar na Bahrain, Bahrain ilipinga nyaraka 82 zilizoletwa na Qatar ikidai ni za kughushi, na Qatar ikaacha kuzitegemea. Kwa hiyo usinukuu barua kutoka kwenye picha moja inayozunguka mtandaoni. Tafuta namba ya faili na namba ya ukurasa, kisha tazama karatasi ya kabla na ya baada. Barua ya kweli ina majirani: iliyoijibu, iliyoitaja, karani aliyeiandika kwenye maelezo.

Vita vyenyewe viliathiri vipi kilichoandikwa?

Katika ripoti, habari za chakula zilipanda juu ya kila kitu. Mchele na sukari viligawiwa kwa mafungu, na kila mtawala alilalamika kwamba jirani yake amepewa zaidi au anavusha magendo kwenda Uajemi. Ofisa aliyeandika idadi ya watu wa mji alikuwa pia ndiye anayegawa, kwa hiyo zichukulie idadi za miaka hiyo kwa tahadhari: mtawala alikuwa na kila sababu ya kuzidisha. Mengine ni redio ya Berlin kwa Kiarabu na nani aliisikiliza, na mabomu ya ndege za Italia Bahrain Oktoba 1940. Visima vya Qatar vilizibwa 1942, na mafuta yake hayakuuzwa nje mpaka 1949.

Natafuta Dubai sipati kitu.

Jaribu Debai na Dibai. Sharjah tafuta Shargah, Zubara tafuta Zubarah, Abu Dhabi tafuta Abu Thabi. Maandishi yamesomwa na mashine, na nakala hafifu za kaboni huiharibia kazi, kwa hiyo tafuta pia jina la mtawala.

Kuna chochote humo kuhusu watu wa pwani yetu?

Kipo, na kinastahili kusomwa polepole. Mafaili ya hati za uhuru yana maelezo ya watumwa waliokimbilia ofisi za Bahrain, Sharjah na Muscat, hata miaka ya 1930. Kila moja ni karatasi moja au mbili: jina, umri wa kukisia, alikozaliwa, nani alimkamata au kumuuza, mji upi aliukimbia. Chini kuna alama ya dole gumba. Wapo wanaotaja Zanzibar. Masheikh walikuwa wamefunga mikataba ya kuzuia kuingiza watumwa kwa bahari tangu 1847, kwa hiyo mkimbizi mmoja aliweza kugeuzwa shtaka dhidi ya mtawala. Soma maelezo yake kabla ya barua ya ofisa iliyoambatanishwa juu yake, kwa maana barua hiyo mara nyingi inamzungumzia sheikh, na jina la mwenye dole halimo.