Wasomaji Wauliza: Theluji Sentimita 40, Mwinuko Gani?

Likizo ya Desemba ikikaribia, barua za safari hujaa mezani. Mara hii nyingi zauliza theluji, bidhaa ambayo hapa Mombasa twaiona ndani ya friza tu.

SWALI: Assalam aleikum. Wakwe wa binti yangu wametualika Austria, kwenye kituo cha skii, mchezo wa kuteleza kwa mbao juu ya theluji. Simu yangu yasema kijijini kwao ni nyuzi 3 na mvua. Kituo chasema theluji mpya ni sentimita 40. Nani mwongo? – Mama Bi Harusi, Kibokoni

JIBU: Waaleikum salaam, Mama. Hakuna mwongo hapo. Simu yasema habari za kijiji, kituo chasema habari za kileleni. Ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5. Tuseme kijiji kiko mita 1,000 na lifti ya mwisho, ile ipandishayo watu mlimani, yafika mita 2,400. Tofauti ni mita 1,400, sawa na nyuzi 9 hivi. Toa 9 kwenye 3: juu ni nyuzi 6 chini ya sifuri. Mvua inayokulowesha mlangoni kwa wakwe, kule juu ni theluji kavu.

Kwa hiyo kabla ya sentimita, tafuta mwinuko ambapo joto lafika sifuri. Watabiri wa milimani huutaja kila siku. Theluji haiyeyuki papo hapo ikivuka mstari huo. Huendelea kushuka mita 200 hadi 300 kabla ya kuwa mvua. Sifuri ikiwa mita 1,500, tarajia mvua chini ya mita 1,200 na theluji chepechepe katikati. Ikinyesha kwa nguvu kwenye bonde jembamba lisilo na upepo, theluji yaweza kufika chini zaidi, maana kule kuyeyuka kwenyewe kwanyonya joto la hewa. Hesabu hii huvurugika usiku mtulivu wa anga safi. Hewa baridi ni nzito, hulala bondeni, na asubuhi mlimani kukawa na joto kuliko kijijini.

Simu nayo ina kasoro yake. Kompyuta za utabiri huigawa dunia miraba miraba. Ile ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, mraba wake una upana wa kilomita 9 hivi. Bonde, kijiji na kilele vyaweza kuingia mraba mmoja, mlima ukaonekana kama umepigwa pasi. Usiandike jina la kijiji ukatosheka. Chagua utabiri unaotenganisha chini, katikati na juu. Na ukipita siku 5 mbele, sentimita usizishike. Shika mwelekeo tu, kwamba baridi yaja au joto laja.

SWALI: Utabiri umeandika milimita 12. Theluji ndogo hivyo yafaa nini? – Msomaji, Changamwe

JIBU: Hiyo milimita ni ya maji, yaani theluji ikishayeyushwa. Kwa kawaida milimita 1 ya maji hutoa sentimita 1 ya theluji, basi zako ni kama sentimita 12. Karibu na sifuri theluji huwa nzito, ukapata 6 hadi 8 tu. Kwenye baridi kali huwa nyepesi na yaweza kufika 18 au zaidi. Ukifika, iteke kwa mkono ufumbate ngumi. Ikipukutika kama unga mkavu, ni ile inayosifiwa. Ikishikana kama kitonge, ina unyevu. Ikitoa maji vidoleni, jioni miguu itakuuma kwa kuisukuma.

SWALI: Ripoti ya kituo yasema 35/140. Ni alama za mpira? – Kijana wa Likoni

JIBU: Kama ni mpira, basi walinzi wa lango wote walilala! Ni kina cha theluji kwa sentimita, chini ya mlima na juu yake. Kina hicho ni cha theluji yote iliyorundikana, pengine tangu mwezi uliopita, kwa hiyo hakikwambii kama ni nzuri. Tazama tarehe theluji ilipoanguka mwisho, kisha joto la siku tatu zilizofuata. Ikiwa ilinyesha mvua halafu usiku ukaganda, utakuta sakafu ya kioo hata kina kikiwa 140. Sentimita 35 juu ya nyasi, zikishindiliwa vizuri na mashine, zatosha. Juu ya mawe zitakukwangua mbao za skii.

Tazama na upepo. Huikomba theluji mgongoni mwa mlima na kuirundika mashimoni, na ukizidi hufunga lifti za juu hata jua likiwaka. Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi yahisi kama 20 chini ya sifuri.

SWALI: Hatari ya maporomoko ya theluji ni 3 kati ya 5. Si ya wastani hiyo? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Kwa hesabu ni katikati, mlimani sivyo. Ngazi hizo hazipandi sawasawa, na Ulaya watu wengi hufa siku za ngazi ya 3, kwa sababu huichukulia kama ulivyoichukulia. Miteremko ya hatari huanzia nyuzi 30 za mwinamo. Baki kwenye njia zenye alama zilizofunguliwa. Kamba ikikatiza njia, usiivuke.

SWALI: Lesotho ni karibu zaidi. Mwezi Juni kuna theluji kweli? – Msomaji, Mtongwe

JIBU: Majira ya baridi huko ni Juni hadi Agosti, na Afriski, kituo cha skii cha huko, iko juu ya mita 3,000 katika milima ya Maluti. Theluji ya mbinguni haina ahadi, kwa hiyo mashine hupuliza matone ya maji yagande hewani. Tone hupoa kwa kutoa mvuke, kama mtungi unavyopoza maji. Na kama mtungi unavyoshindwa siku ya fukuto, mashine nazo hushindwa hewa ikilowa. Kwa nyuzi 1 juu ya sifuri na unyevu wa asilimia 30, tone hushuka hadi karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, na kazi yaenda. Hewa ikilowa kabisa, lazima joto lenyewe lishuke nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Soma basi joto na unyevu wa usiku, ndipo mashine hupata baridi ya kutosha. Mchana jua hula kilichotengenezwa, hasa miteremko inayotazama kaskazini, kwani huko kusini jua hupita upande huo.