Maswali yenu kuhusu SM.82, ndege ya mizigo ya Waitaliano

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu Savoia-Marchetti SM.82 ya Vita vya Pili, haya twende.

Hii si ndo Ju 52 ya Wajerumani? Zote zina injini tatu.
Siyo. Ju 52 ina bati la mikunjo kama paa la nyumba, SM.82 ni mabomba ya chuma yaliyovikwa mbao na kitambaa. Nshalijibu hili mara nyingi mno jamani, tazameni picha vizuri kabla ya kushea.

Ilihusiana nini na huku kwetu? (Msomaji, Marsabit)
Hili ndo swali la maana. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, majeshi yake ya Ethiopia, Eritrea na Somalia yakabaki kama yako kisiwani, Suez iko mikononi mwa Waingereza na meli haipiti, sasa ndege zao za mapambano zikidunguliwa nyingine zinatoka wapi? Wakachukua CR.42, ndege zao ndogo za mapambano, wakazifungua, mabawa kando, mwili ukaingizwa kwa chini maana sakafu ya SM.82 ilikuwa inafunguka, halafu safari ya usiku kutoka Libya, juu ya Sudan iliyokuwa ya adui. Karibu 50 zilifika hivyo, zikaunganishwa upya zikaenda kupigana. Rubani wa CR.42 anaandikiwa kurasa na kurasa, aliyemletea ndege hatajwi kabisa, na hilo linaniuma kwa sababu vita ni mizigo. Na bado haikutosha, huwezi kuziba pengo la meli kwa ndege inayobeba kimoja kimoja, Addis Ababa ikaanguka Aprili 1941, Gondar Novemba.

Ila mnaowasifia marubani hao, kumbukeni ndege za nchi hiyohiyo ziliwamwagia Waethiopia gesi ya sumu 1935-36. Na msomaji uliyeniandikia kuwa umeokota chuma cha vita huko mpakani unataka kukifungua uone ndani, usikiguse! Kiache hapohapo uite polisi.

Ni kweli ilipiga Bahrain? (Msomaji, Muscat)
Kweli. Oktoba 1940 ndege nne zikiongozwa na Ettore Muti, rubani na kigogo wa chama cha Kifashisti, ziliruka kutoka kisiwa cha Rhodes kilichokuwa cha Italia, zikatupa mabomu kwenye mitambo ya mafuta ya Bahrain, moja ikapotea njia ikatupa mabomu yake Dhahran, Saudia, kisha zikatua Eritrea. Hasara ilikuwa ndogo. Mi naona walipoteza muda wa ndege ambazo Afrika ilikuwa inazililia.

Kasi?
Kama kilomita 370 kwa saa, ikijitahidi.

Mbona zilidunguliwa nyingi?
Nshasema kasi. Injini zake za Alfa Romeo zilikuwa dhaifu kwa mwili ule, bunduki chache, halafu Aprili 1943 makamanda wakazituma mchana kuvuka bahari kwenda Tunisia zimejaa mafuta na askari, huku anga limejaa ndege za mapambano za Washirika, yaani Uingereza na Marekani. Msiilaumu ndege, laumuni waliopanga safari.

Ipo hata moja iliyobaki?
Ipo, makumbusho ya jeshi la anga Vigna di Valle, kando ya ziwa Bracciano, Italia. Mkataba wa amani wa 1947 uliiwekea Italia kikomo cha ndege za kijeshi, ndo maana baadhi ya SM.82 zikapakwa alama za Shirika la Malta, shirika la Kikatoliki, ili zisihesabiwe za Italia, zikaendelea kubeba mizigo. Za mwisho zilistaafu mwanzoni mwa miaka ya 60.