Kwa nini rangi mpya hukunjamana juu ya praima iliyokauka?

Swali: Nilipiga msasa mlango wa gari uliokuwa umebabuka, nikapuliza praima (rangi ya msingi) ya kopo la kupuliza na kuiacha usiku kucha. Nilipopuliza rangi ya kuchanganya na hadna (kemikali inayoikomaza rangi), ilikunjamana papo hapo, hasa praima ilipopakana na rangi ya zamani. Fundi ananishauri nipake praima nzito juu yake kisha nirudie rangi. Je, itatosha?

Jibu: Haitatosha. Safu yote iliyokunjamana lazima iondolewe, kwa sababu thina (kiyeyushi) ya praima hiyo nzito itapenya kwenye udhaifu ule ule na kuuvimbisha upya. Imani kwamba praima ni ukuta unaozuia kila kosa lililo chini yake ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko uhaba wa vifaa, na inasikitisha zaidi inapotoka kinywani mwa fundi anayelipwa.

Praima nyingi za kopo hazina hadna. Baadhi hukauka kwa thina kupotea hewani tu, hivyo thina kali ikizigusa hulainika tena. Nyingine, zile za asili ya mafuta, hukomaa kwa kuvuta oksijeni ya hewani polepole sana, kiasi kwamba juu hushikika kavu baada ya saa chache ilhali chini bado ni mbichi. Ndiyo maana makopo mengi ya aina hiyo huelekeza kwamba safu inayofuata ipakwe ndani ya saa 1 au isubiri saa 48, na usiku mmoja unaangukia katikati kabisa. Kukunjamana kulianzia mpakani kwa sababu msasa ulikata matabaka ya zamani kwa mshazari, ukaziacha kingo zake wazi, na thina ikaingilia hapo.

Kabla ya kurudia, lowesha kitambaa cheupe kwa thina kali na ukibane juu ya rangi ya zamani kwa dakika moja hivi. Rangi ikilainika au ikihamia kwenye kitambaa, haikukomazwa kwa hadna, nami ningeikwangua hadi kwenye chuma. Chuma kikiwa safi, kipake praima ya epoksi (aina ya gundi ngumu ya kuchanganya), kisha praima ya hadna ya mfumo ule ule wa rangi yako. Ukichagua praima ya asidi, ile inayong'ata chuma ili ishike, usiweke puti ya poliesta (ya kujazia mashimo) moja kwa moja juu yake, wala epoksi, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu waziwazi, kwa kuwa asidi huvuruga kukomaa kwa puti na epoksi hizo.

Jihadhari na yeyote anayechanganya kwa macho, anayetumia petroli badala ya thina, au anayeongeza hadna kupita kipimo ili gari litoke mapema. Hadna ni nusu ya mmenyuko wa kikemikali wenye uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na ya kampuni moja haikutengenezwa kwa ajili ya rangi ya kampuni nyingine. Isitoshe, hadna nyingi za rangi za magari zina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zinaweza kusababisha pumu ya kudumu. Kitambaa puani au barakoa ya vumbi havizuii mvuke wake, na anayepuliza kila siku anahitaji kinga inayomletea hewa safi kutoka nje ya chumba cha kupulizia.