Je, kuzitazama nyota usiku ni ibada?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nina mazoea ya kutoka nje usiku watu wakiwa wamelala na kuitazama mbingu kwa muda mrefu, na mara nyingi machozi hunitoka kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu, jambo ambalo katika Sala hunitokea kwa nadra. Ndugu yangu mmoja ameniambia niache, kwamba kuzikodolea macho nyota ni kazi ya wapiga falaki. Isitoshe, nimejisomea jinsi nyota zinavyowaka na kwa nini jua na mwezi hupatwa, na tangu hapo nahisi haiba imepungua, kana kwamba kitu kikishajulikana kinavyokwenda hakiwi tena ishara. Naomba uniongoze.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Alilokuambia ndugu yako lina asili, ila amelitia pasipo pake. Abdullah bin Abbas (r.a.), alipokuwa bado kijana mdogo, alilala usiku mmoja nyumbani kwa khalati yake Maymuna, mke wa Mtume (s.a.w.). Anasimulia kwamba yeye aliweka kichwa kwenye upana wa mto, Mtume na mkewe wakalala kwenye urefu wake. Usiku ulipokuwa mwingi Mtume aliamka, akakaa akijipangusa usingizi usoni kwa mkono wake, na katika mapokezi mengine ya kisa hicho hicho imetajwa kwamba aliitazama mbingu, akasoma aya za mwisho za Sura Aal Imran: "Hakika katika kuumbwa mbingu na ardhi, na kupishana usiku na mchana, zipo ishara kwa wenye akili." Kisha akakiendea kiriba cha maji kilichokuwa kimetundikwa, akatawadha vizuri, akasimama kusali.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: kuitazama mbingu kwa mazingatio ni katika mwenendo wa Mtume. Lakini nakuomba uangalie na mfuatano wake. Jicho lilikwenda juu, ulimi ukasoma, kisha mkono ukafuata maji. Aya inayofuata hapo hapo inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala ubavu, nao wanafikiri juu ya kuumbwa mbingu na ardhi, na fikira hiyo haiwaachi kimya, bali inawatoa dua: "Mola wetu, hukuviumba hivi bure. Umetakasika, basi tukinge na adhabu ya Moto."

Kuhusu onyo la ndugu yako, bila shaka amekusudia Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba mwenye kuchukua elimu katika nyota amechukua tawi la uchawi. Wanazuoni wameieleza kuwa ni ile elimu ya kudai kwamba nyota zinapanga riziki, ndoa na mauti ya watu. Lugha yetu nayo imechangia utata, kwa kuwa neno falaki twalitumia kwa hesabu ya miandamo ya mwezi na pia kwa kumpigia mtu bahati yake. Hesabu imehalalishwa na Qur'ani yenyewe, iliyosema katika Sura Al-An'aam kwamba nyota zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Kupiga bahati ni haramu, na sidhani kama wewe unakaribia huko.

Linalonishughulisha zaidi ni lile la haiba kupungua, kwa sababu ndani yake imejificha dhana kwamba Mwenyezi Mungu yupo pale tu tusipopaelewa. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Ingekuwa rahisi kuwaachia, tena neno lenyewe lilikuwa la kumtukuza. Mtume alilikataa papo hapo: jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake, nanyi mkiona hivyo ombeni na msali. Ameing'oa sababu ya uongo, na ishara ikabaki pale pale. Leo twajua kwamba ni mwezi unaopita kati ya jua na ardhi, na wakati wake hupigiwa hesabu miaka mingi kabla, na Sala ya kupatwa haijafutwa. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba anayedhani ni wajibu wa dini kuibishia hesabu hiyo ndiye anayeidhuru dini.

Chukua nyota ya Shi'ra, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Walikuwepo Waarabu walioiabudu, ndipo Sura An-Najm ikasema kwamba Yeye ndiye Mola wa Shi'ra. Nuru ya nyota hiyo unayoiona usiku huu ilianza safari miaka minane na zaidi iliyopita, ikienda kilomita 300,000 kwa kila sekunde. Sioni namna gani kulijua hilo kunampunguzia Mola wa Shi'ra chochote. Ila nami siwaungi mkono wanaoipachika kila tarakimu mpya kwenye aya, kwa sababu tarakimu husahihishwa kila baada ya muda, na aya haikuteremshwa ili isubiri masahihisho.

Mwezi je? Qur'ani katika Sura Yasin imeufuata vituo vyake mpaka ukarudi kama karara kongwe, yaani kile kikonyo cha kichala cha mtende ambacho kikikauka huwa chembamba, cha manjano, kimepinda. Amka kabla ya Alfajiri siku za mwisho wa mwezi, utazame mashariki, utauona hivyo hivyo. Kujua kuwa upande ule mwingine haukumulikwa na jua hakuufanyi upinde ule uwe kitu kingine.

Imebaki Sala yako, ambayo umeitaja kwa haraka nami naona ndiyo yenye haja zaidi. Unyenyekevu unaoupata nje ni neema, lakini Sala haikufaradhishwa kwa sharti la machozi, wala usiipunje kwa kuwa nje kuna utamu zaidi. Unganisha viwili hivyo: ukitoka theluthi ya mwisho ya usiku, ambayo Mola wetu ameahidi kumjibu anayemwomba, soma aya zile za Aal Imran, utawadhe, kisha usali japo rakaa mbili. Unaweza kuzisali hapo hapo nje chini ya nyota. Ila ukishahirimia usiinue macho mbinguni, kwani Mtume amelikataza hilo kwa ukali ndani ya Sala. Yatazame mahali utakapoweka paji la uso.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.